Muulize Njomba: Hela ya korosho imeingia, msingi umechimbwa, kibali bado

Haya jamani tumerudi. Mwezi huu barua na meseji za safu hii karibu zote ni za ujenzi na wala sishangai, minada ya korosho ikishaanza Oktoba na watu wakianza kupokea meseji za benki, huku kwetu kila mtaa unasikia sururu. Nimechagua chache tu, zilizofanana nimeziunganisha. Kwa wageni: mimi ni fundi wa siku nyingi, mwanasheria siyo, nimesimamia nyumba za watu Mtwara na Lindi na nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi za ardhi mpaka nalijua benchi lipi lina msumari.

Shikamoo njomba. Nipo Magomeni hapa Mtwara mjini, kiwanja changu kimepimwa na ofa ya kumilikishwa ardhi ninayo. Fundi akaniambia tuanze tu msingi, kibali watu wanakata wakifika kwenye lenta, ile boriti ya zege juu ya milango na madirisha. Tumechimba, tumepanga mawe, juzi watu wa manispaa wakaja wakapiga STOP kwa rangi nyekundu na tarehe. Fundi kazima simu. Nibomoe? Na mvua ndo hizo zinaanza.

Marahaba mwanangu. Usibomoe kitu, na usiongeze hata jiwe moja. Hilo la kuongeza nalisema kwa sauti maana najua usiku kuna watu wanakuja kukushauri "piga kazi weekend, jumamosi hawapiti". Wanapita. Na ukikutwa umeongeza baada ya stop oda unakuwa umetoka kwenye kundi la waliokosea umeingia kwenye kundi la wakaidi, na ofisini wanakupokea tofauti kabisa.

Hiyo habari ya "mpaka lenta" imezagaa kusini nzima na sijui nani aliianzisha. Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inasema kwenye eneo la mipango huendelezi ardhi bila idhini ya mamlaka ya mipango, na kwako wewe mamlaka ni Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Kuendeleza kunaanza pale sururu inapogusa udongo. Lenta haijatajwa popote.

Sasa fanya hivi. Kwanza kaulize kama kuna notisi ya maandishi, upewe nakala, uisome wamekusimamisha kwa kosa gani, maana STOP ya ukutani haielezi: inaweza kuwa huna kibali tu, inaweza kuwa umesogelea barabara, inaweza kuwa umejenga juu ya njia ya maji, na kila moja ina dawa yake. Halafu tafuta mchoraji akuchoree ramani ya maana. Na nikisema ramani simaanishi ile karatasi ya daftari yenye vyumba vitatu na sebule. Inatakiwa ionyeshe pleni ya sakafu, nyumba inavyoonekana pande zote, mkato wake toka msingi hadi paa, paa lenyewe, na mchoro wa eneo unaoonyesha nyumba imekaa wapi ndani ya bikoni zako za mpaka na shimo la choo liko wapi. Ukiwa unapanda ghorofa ongeza michoro ya mhandisi aliyesajiliwa, nondo na nguzo zote zionekane. Unaambatanisha na ofa yako na risiti ya pango la ardhi, na hapo kwenye pango ndo wengi wanakwama, unakuta mtu anadaiwa miaka sita, basi faili halisogei mpaka alipe. Siku hizi maombi yanapita kwenye mfumo wa Tausi wa halmashauri, kama simu inakusumbua nenda na kijana wako steshenari au omba wakusaidie pale pale ofisini. Malipo yote ni kwa kontrol namba. Kila halmashauri ina viwango vyake kwahiyo usichukue bei aliyolipa shemeji yako Masasi ukaja kugombana nayo Mtwara.

Wakishapokea, faili linazunguka: mipangomiji anaangalia kama matumizi ya kiwanja yanakubali nyumba ya kuishi, mpimaji anaangalia mipaka, afisa afya anaangalia choo, madirisha na majitaka, mhandisi anaangalia kama hiyo nyumba itasimama. Kwa kuwa umeshaanza, jiandae wanaweza kukupiga faini na wanaweza kukuambia fukua kidogo hapa tuone kina cha msingi. Fukua tu. Mimi niliwahi kukabidhiwa nyumba imefika kwenye bati, mwenyewe anataka nimalizie tu plasta, kuja kupima tukakuta kona ya jikoni imekula kiwanja cha jirani hatua moja na nusu. Hatua moja na nusu! Jirani hakutaka hela, alitaka kiwanja chake. Kona ilivunjwa na jiko likawa na umbo la pembetatu mpaka leo. Wewe uko kwenye mawe, mshukuru Mungu, mawe yanahamishika.

Kuhusu mvua, mtaro wako utajaa maji na kingo zitameguka, ndo hivyo. Huu ndo ugonjwa wetu, hela inakuja Oktoba hadi Disemba na mvua inakuja nyuma yake, mtu anataka kuwahi anaruka makaratasi. Makaratasi hayahitaji hela ya korosho yote. Mwakani, ukishamaliza kupuliza salfa, kabla hata korosho haijadondoka, peleka ramani, kibali kikusubiri wewe na siyo wewe ukisubiri kibali. Na huyo fundi akiwasha simu mwambie njomba anamsalimia.

Naishi Mtanda, Lindi. Nyumba yangu inakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU kila mwezi, na nilijenga bila kibali. Si inamaana serikali imeshaitambua?

Imetambua kuna mita ya umeme. Ile kodi tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inakatwa kwa kufuata mita, mfumo haujui kama ulikata kibali au hata kama kiwanja ni chako. Wapangaji wengi tu wanakatwa na hawana hata tofali. Tunza risiti lakini usiende nazo kwa afisa mipangomiji ukitegemea atapiga saluti. Nenda kaulize utaratibu wa kurasimisha nyumba ambayo tayari imesimama, ukiwa umechukua vipimo vya nyumba ilivyo sasa.

Njomba mimi dada yako wa Mingoyo. Nimenunua eneo kwa mzee mmoja, tuliandikishana kwa mwenyekiti na mashahidi wanne, muhuri upo. Halijapimwa. Nikienda kuomba kibali si watanifukuza?

Hawatakufukuza dada yangu ila watakuuliza maswali ambayo ungemuuliza mzee kabla ya kutoa hela. Karatasi ya mauziano yenye muhuri inaonyesha kwamba mliuziana. Haionyeshi kwamba hapo pamepangwa kuwa makazi. Nenda ofisi ya ardhi na mipangomiji ya manispaa, beba hiyo karatasi, mwombe afisa akuonyeshe eneo lako limekaa wapi kwenye mchoro wa mipango. Kama mchoro upo na wewe umeangukia kwenye makazi, mambo mepesi, utaingia kwenye upimaji au urasimishaji pamoja na majirani zako, mnachangia gharama, mnapata namba za viwanja, baadaye hati. Kama umeangukia kwenye barabara inayokuja au uwanja wa shule, bora ujue leo ukiwa na mchanga lori mbili kuliko ujue ukiwa na bati.

Na jambo lingine watu hawaliangalii, simama kwenye hilo eneo ukiangalia maji yanakwenda wapi. Kwetu Lindi kuna mabonde yanakaa makavu mwaka mzima mpaka mtu anaona kiwanja kizuri tambarare, mpaka ije mvua yenyewe. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar ilikatika kule Somanga, barabara ya lami dada yangu yenye makalvati, sembuse msingi wa tofali. Muulize mtu mzima wa hapo kijijini maji yanapita wapi, usimuulize aliyekuuzia.

Nina kibali tayari (Chuno, Mtwara). Swali langu ni ukaguzi. Hivi wanakuja wenyewe au nawaita? Wanaangalia nini? Na nikiwaita si najitafutia matatizo? Mwenzangu aliombwa hela ya mafuta.

Hili swali nalipenda na nitalijibu kwa urefu mnivumilie.

Unawaita wewe. Soma masharti yaliyoandikwa kwenye kibali, utaona hatua za kutoa taarifa kabla ya kuendelea. Kwa kawaida ni msingi kabla hujamwaga zege, jamvi (zege la sakafu), lenta au mkanda kabla ya kumwaga, paa, halafu mwisho nyumba ikikamilika ndo wanakupa ruhusa ya kuhamia. Angalia sana hilo neno "kabla". Zege likishamwagwa hakuna mhandisi mwenye macho ya kuona nondo ngapi zimelala humo ndani, atakachoona ni saruji ya kijivu imenyooka vizuri, na mafundi wetu kunyoosha wanajua sana.

Ngoja niwaambie yaliyonikuta mwenyewe. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga nikiwa kijana, kiburi kingi, fundi najenga nyumba yangu nani aje anikague. Mchanga nilichota ufukweni, usiku, kwa mkokoteni, nikaona nimeokoa hela. Lenta ikatoka safi. Miaka kama saba baadaye nikaona mstari mwembamba juu ya dirisha la chumbani, kama nywele. Nikaziba kwa plasta. Mwaka uliofuata mstari umerudi na una rangi ya kutu, kama mtu kamwaga chai ukutani. Siku moja tunakula mke wangu anasikia "ta!", kipande cha zege cha ukubwa wa kiganja kimeanguka kwenye kitanda cha mtoto, mtoto hayupo, alhamdulillahi. Nilipochokonoa pale, nondo ya milimita 12 imebaki nyembamba kama penseli na imevaa maganda mekundu unayabandua kwa kucha. Chumvi ya bahari inakula nondo, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwahiyo inavimba na kulipasua zege kutokea ndani. Nilivunja lenta nzima. Ile hela ya mchanga niliyookoa niliilipa mara kumi.

Mkaguzi makini angenikamata siku ya kwanza, angechukua mchanga kiganjani, akaona vipande vya kauri na makombe, basi. Ndo vitu wanavyoangalia: mchanga umetoka wapi, kina cha msingi na kama umekaa kwenye udongo mgumu, nondo ni za unene ule wa kwenye mchoro (wachuuzi wengine wanakuuzia "12" ambayo ukiipima haifiki 11), ringi zimefungwa kwa umbali gani, na zile biskuti za zege chini ya nondo zipo au fundi kaweka vijiti na kokoto. Biskuti siyo mapambo. Ndo zinainua nondo isilale kwenye ubao, ipate zege pande zote, maana nondo iliyolala kwenye ubao ukitoa mbao za boksi unaiona inakuchungulia, na kwa hewa yetu ya bahari kutu inaanza mapema.

Na wewe mwenye nyumba uwepo. Siku ya zege usiende shamba. Hesabu ndoo: kwa zege la lenta wengi tunatumia moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto, na maji ya kiasi, siyo zege linalotiririka kama uji wa mgonjwa. Hapa Mtwara saruji inatengenezwa mlangoni kwetu tangu kiwanda cha Dangote kianze 2015, hakuna sababu ya kubania. Halafu mwagilia siku saba, asubuhi na jioni, funika na magunia. Watu wanatumia mil tatu kwa zege halafu wanashindwa kulimwagilia maji ya buku mbili.

Sasa hela ya mafuta. Hapana. Kama kuna ada ya ukaguzi italipwa kwa kontrol namba kama vingine na utapata risiti. Mtu akikuomba mkononi mwambie kwa upole "bosi nitengenezee kontrol namba nilipe sasa hivi", mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo. Akikomaa, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Ila na sisi tuseme ukweli, kuna wenye nyumba wanaanza wenyewe, mkaguzi hajashuka hata kwenye pikipiki ameshashikishwa bahasha "ya soda" ili asipande juu kuangalia paa. Huyo umemlipa asikuambie nyumba yako ina kasoro gani. Unalala wewe humo, yeye analala kwake.

Akikagua mwambie aandike. Tarehe, hatua, alichoona, sahihi. Nunua kaunta buku liitwe la nyumba, likae na saidia fundi sehemu kavu. Siku ikitokea mgogoro na fundi, au ukitaka kuuza, hilo daftari linaongea.

Shikamoo. Tuna nyumba ya bibi Mikindani, ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, bibi mwenyewe hajui imejengwa lini. Inavuja. Tunataka kuipiga plasta ya saruji na kubadili paa. Kibali kinahitajika kwa ukarabati?

Marahaba wajukuu. Kupaka rangi na kuziba bati lililotoboka hakuna atakayewauliza. Kubadili paa zima, kuvunja ukuta, kuongeza chumba au kupanua mlango, hapo mnaomba. Na kwenu kuna jingine la ziada, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na Mikindani ni mji wa zamani sana, bandari ya majahazi karne nyingi kabla Wajerumani hawajajenga lile Boma mwaka 1895. Kwahiyo kabla hamjagusa anzeni manispaa, muwaulize pia watu wa mambo ya kale kama nyumba ipo kwenye orodha yao.

Plasta ya saruji achaneni nayo hata kama kibali mtapewa. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukiuvika saruji unyevu unakwama ndani, chumvi inasukuma, baada ya misimu michache plasta inaachia vipande vipande na inaondoka na uso wa ukuta. Tafuteni chokaa na fundi mzee anayejua kuiloweka. Wapo bado Mikindani, wachache, na hawana haraka, msiwakimbize.

Nyumba yetu iko pembeni ya barabara kuu Masasi, imepigwa X ya kijani. Ya jirani ni nyekundu. Tumeambiwa kijani ni salama, kweli?

Siyo salama, ni kwamba wewe una haki ya kufidiwa. Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ikawa mita 30 kila upande kutoka katikati, zamani ilikuwa 22.5. Aliye ndani ya ile ya zamani anapata nyekundu, anaondoka bila fidia. Aliyekutwa na sheria akiwa kati ya 22.5 na 30 anapata kijani, analipwa eneo likihitajika. Kwahiyo usiongeze vyumba upande wa barabara, kibali hutapata na ulichoongeza hakitafidiwa. Na nyie wa Shangani, Mtwara, mnaotaka kujenga mkiangalia mawimbi, bahari nayo ina hifadhi yake, Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ufukweni.

Njomba, banda la kuku nalo linataka kibali? Nipo Likombe, Mtwara.

La miti na wavu, kuku kumi, sidhani kama kuna ofisa atapanda bodaboda kwa ajili yako, angalia tu harufu isimfikie jirani. La tofali, jamvi, bati na umeme ni jengo la kudumu, omba. Nauliza tu, maana banda uliloambatanisha picha lina madirisha ya alumini na mlango wenye kitasa, na nyuma naona kamba ya kuanikia imening'inia suruali. Kuku hao kama wanalipa kodi ya chumba, kibali kinahitajika.